Tegemeo na Tegemezi: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Vifurushi vya Programu

Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, istilahi za kompyuta kwa Kiswahili zimezidi kuongezeka. Walakini wingi si ushahidi wa usahihi. Mfano mmoja unaostahili kupimwa ni jina la uhusiano baina ya vifurushi vya programu katika mifumo ya Linux, ambamo mtumiaji aweza kuvisakinisha na kuviondoa kwa kuandika amri.

Katika Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993, ni nadra kifurushi kusimama peke yake. Kimoja huhitaji kingine, na hicho huhitaji cha tatu. Kazi ya apt, chombo kilichotokea mwaka 1998, ni kuvitafuta vyote na kuvileta pamoja. Je, kifurushi kinachohitajiwa kiitweje? Neno linalokuja upesi kinywani ni tegemezi. Neno ni zuri, ila hapa limegeuzwa kichwa chini miguu juu. Tegemezi ni yule anayeegemea mwingine, kama mtoto kwa mzazi wake. Kile kinachoegemewa ni tegemeo. Kiishio -zi humtaja mwenye kuegemea, na kiishio -o hutaja mahali pa kuegemea.

Mkulima wa miteremko ya Kilimanjaro hangekosea katika hili. Mfongo huchukua maji ya kijito huko juu na kuyashusha hadi vihambani: mfongo ndio tegemeo, vihamba ni tegemezi. Mwenye kihamba akiziba mchirizi wake, jirani hadhuriki. Banio la juu likibomoka, migomba yote ya chini hukosa maji.

Apt hufuata kanuni iyo hiyo. Kifurushi kisichoegemewa na chochote kikiondolewa, vingine husalia. Tegemeo likiondolewa, kila kifurushi kinacholiegemea huondolewa pamoja nalo, baada ya apt kutoa orodha na kungoja kibali. Mwanafunzi wa Moshi ambaye mwongozo wake waviita vyote viwili tegemezi hatajua lipi ni lipi. Atatoa kibali, na sehemu kubwa ya mfumo wake itatoweka.

Utegemezi na ubaki kuwa jina la uhusiano wenyewe. Lakini kwa pande zake mbili, watunga istilahi hawana haja ya kubuni wala kukopa: maneno yote mawili yamo katika lugha, na kila moja lapaswa kurudishiwa kazi yake.