Seva Yenye Adabu

Programu ya hali ya hewa ni zoezi wanalopewa wanaoanza kujifunza: tambua simu iko wapi, omba utabiri, onyesha nyuzi joto na kijipicha cha wingu. Siku hiyo hiyo inaweza kuanza kufanya kazi. Mimi namheshimu anayeendelea kuishughulikia baada ya hapo.

Upande wa simu umerahisishwa sana. Tangu Flutter 1.0 itoke Desemba 2018, msimbo mmoja wa Dart unatosha kwa Android na iPhone. Ufundi utauona zaidi kwenye seva inayosimama kati ya simu na chanzo cha utabiri.

Chukua Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norway, inayogawa bure utabiri wa dunia nzima. Ina masharti yake: jitambulishe kila unapoomba, latitudo na longitudo zisizidi tarakimu nne baada ya nukta, usirudi kuuliza kabla muda wa jibu ulilopewa haujaisha, maombi yako yasiangukie saa kamili, wakati wengine wote nao wanabisha. Fundi mzuri huyajenga masharti hayo ndani ya kazi yake. Simu iliyoko Kariakoo inatuma -6.81957, 39.27413. Seva inafupisha kuwa -6.82, 39.27, eneo la takriban kilomita moja, na wachuuzi, abiria na wapangaji wa pale wote wanahudumiwa kwa jibu moja lililohifadhiwa. (Tena taasisi ya mbali haina haja ya kujua mtu analala nyumba ipi.) Muda ukiisha, seva haidai utabiri mzima upya, inauliza kwanza kama kuna kilichobadilika. Kama hakuna, inarudishiwa namba 304, bila mzigo wowote. Rekodi za seva zikijaa 304, mimi huona kazi ya mtu makini.

Mwinuko nao una mambo yake. Moshi mjini hapafiki mita 1,000, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro kilicho juu yake, kina mita 5,895. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda, hivyo ukikosea mita 300 tu umeshakosea nyuzi 2. Anayejali hutuma mwinuko pamoja na ombi.

Ninachokipenda kuliko vyote kiko kwenye mvua. Kwa siku za karibu utabiri huja saa kwa saa. Za mbele huja kwa vipindi vya saa sita. Mwenye haraka hugawanya milimita 12 kwa sita ili safu za skrini zilingane, akampa msomaji uhakika ambao hakuna aliyeutoa. Fundi ninayemsifu huchukua 06:00 ya saa za dunia (UTC), akaongeza tatu za Afrika Mashariki, kisha akaandika jinsi watu wanavyosoma saa: mvua milimita 12, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri.