Ghali Mno, au Yenye Kuzuia?

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowatatiza wafasiri wetu ni kivumishi "prohibitive", hasa kinapoandamana na bei, ada au gharama. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "prohibere", yaani kuzuia. Wafasiri huelekea kukishika kwa njia mbili, na zote mbili zina kasoro.

Njia ya kwanza ni tafsiri ya neno kwa neno: "bei ya kukataza". Kosa lake ni kubwa, kwani kukataza ni tendo la mwenye amri. Mgonjwa akisoma kuwa dawa fulani ina "bei ya kukataza", atadhani imepigwa marufuku. Kumbe dawa ipo dukani, ila uwezo hana.

Njia ya pili ni "ghali mno". Hiki ni Kiswahili safi, lakini maana imepungua. Kitu kilicho ghali mno chaweza kununuliwa, mnunuzi akanung'unika tu. Gharama tunayoizungumzia humfanya mtu aliache jambo lenyewe.

Kwa maoni yetu, mfasiri asilazimishe kivumishi pale ambapo Kiswahili kina kitenzi kilicho tayari. Na aseme: "Gharama ziliwazuia wanakijiji wasichimbe kisima." Hapo msomaji hupata mambo matatu: kilichozuia, aliyezuiwa, na jambo lililokwama. Kivumishi cha Kiingereza huweza kuyaficha mawili ya mwisho. Mfasiri hana budi kuyatafuta. Nafasi ikiwa finyu, "isiyomudika" yatosha, mradi itajwe ni kwa nani.

Uhusiano huo wa ada na tendo umo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 48 yaagiza kwamba ada ya kutafutia haki, ikiwapo, iwe ya kiasi na isiwe kikwazo cha kuipata haki hiyo. Kusema tu kwamba ada isiwe ghali kusingetosha.

Hata hivyo, tofauti moja ihifadhiwe. Ushuru wa forodha huweza kupandishwa kwa makusudi ili bidhaa za nje zisiingie. Huo ni "ushuru wa kuzuia", kwa kuwa kuzuia ndiyo nia yake. Lakini ada ya shule haikuwekwa ili mtoto abaki nyumbani. Ikimbakisha, tuandike kwamba ada imemzuia asisome, wala tusiandike kwamba amekatazwa.