LEACH: karatasi nzuri, lakini batri haisomi karatasi

Leo nachambua karatasi moja ambayo wengi wetu tumeinakili katika TFC, mimi mwenyewe wa kwanza. Ni ile ya LEACH, ya Wendi Heinzelman na wenzake wa MIT, Anantha Chandrakasan na Hari Balakrishnan, iliyotolewa Hawaii mwaka 2000.

Kwanza nitoe heshima. Wazo lake ni jepesi na zuri. Vihisi, ama kapteri vile tunazoea kuita, vinajigawa kwa makundi. Kila kundi lina mkubwa wake: wengine wanamtumia data, yeye anazikusanya na kutuma habari moja kwa kituo. Juu kazi hiyo inachosha batri, ukubwa unazunguka, leo huyu, kesho yule. Wadogo wanalala, wanaamka zamu yao ikifika.

Sasa shida iko wapi? Iko kwa hesabu ya redio. Katika karatasi, redio inakula nanojouli 50 kwa kila biti, halafu amplifaya inaongeza pikojouli 100 kwa biti, mara umbali kipeo cha pili. Tuhesabu pamoja. Habari ya biti 2000 ukiituma meta 100 inakula milijouli 2.1. Ukiituma meta 10, ni 0.12 tu. Karibu mara 17! Njo maana grafiki zetu zinapendeza vile.

Lakini fungueni maelezo ya kiufundi ya CC2420, redio iliyo ndani ya TelosB. Kutuma kwa nguvu yote ni miliampea 17.4, kwa nguvu ya chini kabisa ni 8.5. Hata mara tatu haifiki. Na kusikiliza je? Miliampea 18.8. Kusikiliza kunakula kuliko kutuma! Katika hesabu ya LEACH, biti iliyofika inalipwa, lakini kungoja ni bure. Katika maisha, redio ikiachwa wazi, batri ya miliampea-saa 2500 inakwisha kwa siku tano na nusu, hata kama hakuna neno limepita.

Mambo mengine mawili. Mkubwa anachaguliwa kwa bahati nasibu na zamu, hakuna anayeangalia batri yake imebaki na nini. HEED, ya Younis na Fahmy mwaka 2004, ilikuja kurekebisha hapo. Tena, LEACH inaamini kila kapteri inaweza kufikia kituo moja kwa moja. Kwa uwanja wa meta 50 kwa 50, sawa. Kwa vilima vyetu vya Kivu, hapana.

Mimi nilijifunza hayo kwa haya. TFC yangu ilipata alama nzuri, grafiki ilipanda bila kosa. Kisha na marafiki wawili tulipeleka kapteri sita kwa shamba la mjomba, upande wa Kabare, kupima unyevu wa udongo. Nilimwambia: mjomba, hii itamaliza msimu mzima. Yeye akanunua batri kwa pesa ya kahawa. Wiki haikuisha, wakubwa wa makundi wakazima mmoja kwa mmoja. Mjomba hakukasirika. Aliuliza tu: "Mwanangu, huko shuleni mulipima na nini?" Nilikosa jibu. Tulikuwa tumepima na ordinateri peke yake.

Je, kosa ni la akina Heinzelman? Hapana. Wao waliandika masharti yao wazi kabisa. Sisi njo tuliyaruka, tukakimbilia grafiki.

Kwa hiyo ninyi wadogo wetu ambao muko munaandika TFC mwaka huu: tumieni LEACH, ni shule nzuri. Lakini mbele ya kuchora grafiki, chukueni kapteri moja tu, unganisheni multimeta, muone redio inakula nini ikiwa inangoja. Muandike namba hiyo kwa ukurasa wa kwanza wa simulasiyo.

Nani kati yenu ameshaipima? Atuambie alipata ngapi.