Swali la Bwana Perrin

Tasnifu ni kitabu cha utafiti akiandikacho mwanafunzi apate shahada ya udaktari. Naye hana budi kukitetea mbele ya walimu, watu wakisikiliza. Desturi hii twaisifu, ila tumeona mara nyingi mwalimu huuliza ili yeye aonekane mjuzi; kijana hutoka amefedheheka, wala elimu haikuongezeka.

Mwezi wa Novemba 1924, katika Kitivo cha Sayansi cha Paris, Louis de Broglie alitetea neno geni: ya kuwa elektroni, chembe ndogo mno iliyomo katika kila kitu, huenda kama wimbi. Waliokaa kumpima walikuwa na mashaka. Hata hivyo Jean Perrin alimwuliza tu, Mawimbi hayo yataonekanaje? Akajibu kwamba elektroni zikirushwa katika fuwele (punje ya chumvi nayo ni fuwele) zitatawanyika kama mawimbi. Swali lile twalipenda kuliko sifa zote alizopewa siku ile. Ni fupi, nalo lamtaka mtu kazi, halimtaki aibu.

Paul Langevin, mwalimu mwingine, alimpelekea Albert Einstein tasnifu hiyo, asione haya kuuliza nje ya nyumba yake. Mwaka 1927 majaribio yalifanywa Marekani na Uskoti, mawimbi yakaonekana. 1929 de Broglie akapewa Tuzo ya Nobel.

Wapo wasemao kwamba ingalifaa anyimwe shahada mpaka athibitishe. Sisi hatukubali. Angalingoja miaka mitatu kwa majaribio ambayo wengine ndio waliyoyafanya.