Dodo wa Oxford: Kisu, Sampuli, Eksirei

Makumbusho ya Historia Asilia ya Chuo Kikuu cha Oxford yanahifadhi kichwa na mguu wa dodo, ndege asiyeruka aliyeishi kisiwani Mauritius. Mabaki mengi ya dodo yaliyosalia duniani ni mifupa mitupu. Kichwa hiki bado kina ngozi. Kila anayetaka kukichunguza hulazimika kupiga hesabu: jibu ninalolitafuta linastahili kuharibu kiasi gani?

Waholanzi walitua Mauritius mwaka 1598, na taarifa ya mwisho inayokubalika na wengi ya dodo kuonekana hai ni ya 1662. Huyu wa Oxford ametajwa katika orodha ya mwaka 1656 ya hazina ya wakusanyaji akina Tradescant, mjini London. Hazina hiyo ikaangukia mikononi mwa Elias Ashmole, naye akaikabidhi Oxford, ambako makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa mwaka 1683. Kufikia 1755 ndege alikuwa ameoza. Kiwiliwili kikaondolewa, kichwa na mguu vikabakizwa.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kisu. Katika miaka ya 1840 wataalamu walikuwa bado wanabishana: wapo waliomweka dodo kwenye ukoo wa tai, wapo waliomfananisha na mbuni. Mdenmark Johannes Reinhardt alisema ni njiwa. Ili kuumaliza ubishi, mwaka 1847 kichwa kilipasuliwa na ngozi ya upande mmoja ikabanduliwa ili fuvu lionekane. Hugh Strickland na Alexander Melville walitoa kitabu mwaka uliofuata wakithibitisha: njiwa. Gharama ilikuwa kubwa, maana kichwa hakikurudi kuwa kizima. Hata hivyo ngozi iliyobanduliwa haikutupwa.

Kipimo cha pili kilihitaji kipande kidogo tu cha mfupa wa mguu. Mwaka 2002 Beth Shapiro na wenzake walitoa humo vinasaba vya mitokondria. Uchaguzi huo ulikuwa wa makusudi: seli moja hubeba nakala nyingi sana za vinasaba hivyo, kwa hiyo hata kwenye mfupa mkongwe uwezekano wa kupata vipande vinavyosomeka ni mkubwa zaidi. Wakavilinganisha na vya njiwa wa leo. Ndugu wa karibu zaidi aliye hai akawa njiwa wa Nicobar, wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Kisu kilitaja ukoo. Vinasaba vikataja tawi.

Kipimo cha tatu hakikukata kitu. Kichwa kilipelekwa Chuo Kikuu cha Warwick, kikapigwa picha nyingi za eksirei kutoka kila upande, kisha kompyuta ikaziunganisha kuwa umbo moja linaloweza kuzungushwa na kuchunguzwa tabaka kwa tabaka. Madini ya risasi huzuia mionzi zaidi kuliko mfupa, hivyo hung'aa kwenye picha. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha punje za risasi nyuma ya kichwa na shingoni. Ndege huyu alipigwa bunduki kutoka nyuma. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ndiye dodo aliyeonyeshwa akiwa hai London mnamo 1638. Sasa dhana hiyo imetikiswa vibaya. Watu walimwangalia karne tatu na nusu bila kuziona punje hizo, kwa kuwa ni ndogo na zimejificha ndani.

Ukiviweka vipimo vitatu pamoja, unaona uharibifu ulivyopungua kadiri mbinu zilivyokua. Lakini picha haikukifuta kisu wala sampuli, kwa sababu eksirei haisomi vinasaba. Kinachobadilika ni utaratibu. Oxford walianza kwa kukata kwa kuwa enzi hizo hapakuwa na njia nyingine. Mhifadhi wa leo, wa makumbusho yoyote ya chuo, ana nafasi ya kugeuza mpangilio huo: picha kwanza, sampuli pale picha inaposhindwa, kisu mwisho kabisa. Na kila kilichotolewa, hata kikiwa unga wa mfupa, kiandikwe na kitunzwe pamoja na kilichobaki.