Shemine, Dohani na Koo la Moshi: Uhakiki wa Msamiati wa Mwenye Nyumba

Makala haya yanahusu msamiati mdogo ambao pengine utamshangaza msomaji aliyezoea kukuta hapa uchambuzi wa ushairi au wa ngeli za nomino, yaani msamiati wa dohani ya nyumba, sehemu zake na utunzaji wake. Hatukuuchagua kwa mzaha. Katika miji yetu ya nyanda za juu, hasa Lubumbashi na Bukavu, zimo nyumba za enzi ya ukoloni zilizojengwa pamoja na meko ya ukutani, kwa kuwa usiku wa Juni na Julai huleta baridi. Wakazi wa kwanza wa nyumba hizo walikuja na maneno yao, lakini wengi walioziingia baada ya 1960 walipokea matofali bila maneno. Na mtu asiyejua jina la sehemu hawezi kuuliza habari zake, wala hawezi kubishana na mwashi anayemdai fedha kwa ajili yake.

Kiswahili bora kina neno dohani, na kamusi zimelihifadhi tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939. Asili yake ni Kiarabu, dukhan, yaani moshi, neno lile lile ambalo ni jina la sura ya 44 ya Kurani. Katika lugha yetu neno hilo limehama kutoka kwenye kitu kinachopita hadi kwenye njia kinamopita, na bomba la moshi la meli nalo likaitwa hivyo hivyo. Kifaransa kilishika njia nyingine. Cheminée hutokana na Kilatini caminata, yaani chumba chenye meko. Tunaweza kusema kwamba jina la Kifaransa lilianzia chini, motoni, na jina letu likaanzia juu, moshini.

Tofauti hii haiwahusu wanahistoria wa maneno peke yao. Kwa kuwa neno la Kifaransa lilianzia motoni na baadaye likapanda na moshi, leo linataja vitu viwili kwa pamoja: meko yanayoonekana sebuleni, pamoja na rafu yake ya kuwekea picha na saa, na njia ya moshi iliyofichwa ndani ya ukuta. Kiswahili cha Lubumbashi kimelipokea, shemine, pamoja na utata wake wote, tena kikauzidisha, kwa sababu mtoto wa mji huu hulijua neno hilo kwanza kwa dohani kubwa ya Gécamines, iliyorithiwa kutoka Union Minière, ile ambayo wachoraji wetu wa picha za watu hawakuchoka kuichora karibu na kilima cha takataka za shaba. Basi neno moja lina vitu vitatu.

Hebu tutazame sentensi fupi: «Nimesafisha shemine.» Mfanyakazi wa nyumbani aitamkaye amezoa majivu na kupangusa matofali, naye anasema kweli. Mwenye nyumba aisikiaye anadhani kwamba njia ya moshi imesafishwa hadi juu ya paa. Hakuna aliyesema uongo, lakini huko juu masizi yamebaki pale pale, na ndege aliyejenga kiota wakati wa masika bado yumo. Moto ukiwashwa, moja kati ya mambo mawili laweza kutokea. Ama masizi hushika moto ndani ya ukuta, na joto la moto wa namna hiyo laweza kufikia nyuzi 1000, likapasua matofali na kufika kwenye mbao za paa. Ama moshi, ukikosa njia, hurudi chumbani pamoja na monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wanaoota moto wa makala kwenye mbabula ndani ya chumba kilichofungwa wanakumbwa na hatari hiyo hiyo, na wengi wao wameisikia. Mwenye shemine ndiye hujiona salama, kwa sababu shemine anayo.

Kwa hiyo pendekezo letu la kwanza ni kwamba maneno yaliyopo yagawane kazi. Meko yabaki kuwa mahali pa moto, dohani iwe jengo zima la kutolea moshi, na ndani ya dohani tuseme njia ya moshi. Hatupendi mfereji, ambalo wengine wangelichagua, kwa kuwa mfereji huteremka na maji.

Ugumu huanza tunapoingia katika sehemu ndogo, na hapa ndipo desturi yetu ya kutafsiri neno kwa neno inapotuaibisha. Sehemu ya dohani inayotokeza juu ya paa, Mfaransa huiita souche, yaani kisiki. Kwetu kisiki ni kile kinachobaki chini baada ya mti kukatwa. Mwashi akiambiwa atengeneze «kisiki cha shemine» atapiga magoti sebuleni, ilhali ufa uko juu ya mabati. Vile vile vipande vya udongo wa kuchoma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine ili kufanya njia ya moshi huitwa boisseaux, kutokana na jina la kipimo cha kale cha nafaka. Je, tuviite pishi? Atakayefanya hivyo ataambiwa apeleke mahindi. Na lile bamba la saruji linalofunika kichwa cha dohani na kumwaga mvua nje, ambalo Mwingereza huliita taji, lisiitwe taji hata kidogo, maana taji ni pambo, na pambo likipasuka mtu huliacha. Bamba hilo likipasuka maji hunywewa na matofali, chokaa hulegea, na baada ya misimu michache dohani huanza kuinama. Tuseme bamba la juu, basi.

Mahali pengine, kinyume chake, lugha yetu ina neno zuri kuliko lile la mgeni, nasi hatukulitumia. Dohani ya kisasa huvikwa ndani bomba la chuma au la udongo ili joto na moshi visipenye kwenye ukuta. Mfaransa husema chemiser, kuvisha shati, ingawa shati hilo liko ndani. Fundi cherehani yeyote wa Kamalondo angetupatia neno bitana, kitambaa cha ndani ya koti, nalo linaonyesha hasa mahali na kazi ya kitu chenyewe. Bitana ya dohani ikitoboka, koti zima huungua. Sehemu nyembamba iliyo juu ya meko, inayomeza moshi, iitwe koo, nacho kibamba cha chuma kinachofungua na kufunga koo kiitwe kilango. Kilango hufungwa wakati meko hayatumiki ili baridi, mvua na popo wasiingie, na hufunguliwa kabla ya kiberiti kuwashwa. Mwenye nyumba asiyejua kwamba kilango kipo atalaumu kuni. Kofia ni kile kifuniko kilichoinuliwa juu ya tundu, chenye wavu wa chuma pembeni. Neno hili limekubalika katika lugha nyingi na halihitaji mjadala.

Tuje kwenye vitenzi, ambavyo ndivyo utunzaji wenyewe. Ramoner hutokana na ramon, ufagio wa matawi. Tukifuata mfano huo tutasema kufagia dohani, lakini kufagia huondoa vumbi, na kilichomo humo si vumbi tu. Neno masizi tunalijua kutoka sufuriani, nalo latosha kwa ule unga mweusi mkavu. Kuni mbichi na moto wa kufukiza huleta kitu kingine: moshi uliojaa mvuke hukutana na ukuta baridi, ukaganda kama utomvu mweusi, na hatimaye ukawa mgumu wenye kung'aa kama kioo. Tunaliita jambo hili lami ya moshi, wala si masizi, kwa sababu brashi haiiondoi. Yapasa ikwanguliwe kwa vyombo maalumu au ilainishwe kwa dawa, na pengine bitana yote ibadilishwe. Hivyo masizi huondolewa kwa brashi ya nyaya ambayo Mfaransa huiita kalunguyeye (na hapa tafsiri ya neno kwa neno inafaa kabisa), lami hukwanguliwa, na majivu huzolewa. Vitenzi hivi vitatu ni kazi tatu na bei tatu. Ukaguzi ni kazi ya nne, nao hufanywa mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi kuingia, hata kama moto uliwashwa mara chache. Na masizi yenyewe tusiyadharau: mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alionyesha kwamba yalihusiana na saratani ya wasafisha dohani, ambao wengi walianza kazi hiyo wakiwa watoto waliopandishwa ndani ya njia ya moshi.

Yuko atakayetuuliza kwa nini tusiyachukue maneno ya Kifaransa tu, tukayaandika kwa sauti zetu, kama tulivyofanya kwa fakitire na betoni. Hatuna chuki na mikopo. Lakini mkopo unaofaa ni ule unaoingia pamoja na maana yake, na solin, kwa mfano, imebaki kwa mafundi wachache. Ni bati linalokunjwa pale dohani inapopita katika paa ili maji yasipenye. Liitwe bati la maungio. Mwenye nyumba anayesema «paa linavuja» huishia kuuziwa mabati mapya ya chumba kizima. Anayeweza kusema kwamba bati la maungio limeachana na tofali upande wa juu wa dohani hulipia bati moja, saruji kidogo na asubuhi moja ya kazi.