Mdudu wa mita tatu: je, picha za Levon Biss zinasema kweli?

Kama umewahi kukutana mtandaoni na picha ya mbawakawa anayeng'aa kama kito kwenye giza totoro, kila kinywele kikionekana, huenda ni kazi ya Levon Biss, mpigapicha Mwingereza. Mradi wake uitwao Microsculpture ulioneshwa mwaka 2016 katika Makumbusho ya Historia Asilia ya Chuo Kikuu cha Oxford, na hadi leo picha zake zinazunguka kwenye simu zetu. Ni nzuri, hilo halina ubishi. Swali letu ni zinatufundisha nini, na wapi zinatupoteza.

Tuanze na sifa, maana anazistahili. Ukipiga picha kupitia lenzi ya hadubini inayokuza mara 10, kama aliyotumia Biss, sehemu inayoonekana wazi ina kina cha maikromita 10 hivi tu. Unywele wa binadamu una unene wa kama 70. Yaani ukilenga jicho la mdudu, mguu wake unageuka ukungu. Dawa yake ni kupiga picha nyingi, kamera ikisogea maikromita 10 kila mara, halafu kompyuta inachukua kipande kilicho wazi katika kila picha na kuviunga. Biss alimgawa mdudu mmoja katika sehemu 30 hivi, kila sehemu akaipiga peke yake. Jumla ni picha 8,000 hadi 10,000 kwa mdudu mmoja, kazi ya wiki kadhaa. Si mchezo!

Sasa tatizo la kwanza: mwanga. Kila sehemu iliwekewa taa zake, kadiri ilivyopendeza. Kwa hiyo hakuna jicho, la mtu wala la ndege, lililowahi kumwona mdudu yule hivyo. Kwa mdudu mweusi si neno. Kwa anayemetameta ni jambo kubwa, kwa sababu rangi za aina hiyo mara nyingi hazitokani na rangi iliyopakwa mwilini, bali na tabaka nyembamba sana zinazoakisi mwanga. Mfano wa huku kwetu ni Chrysiridia croesus, nondo arukaye mchana, anayepatikana Tanzania, Kenya na Msumbiji. Mgeuze kidogo tu, rangi ya bawa inabadilika. Ukiniuliza rangi yake hasa ni ipi, nitakuuliza kwanza umesimama upande gani. Picha iliyoungwa kwa taa nyingi inakupa jibu moja, tena kwa uhakika mwingi.

Je, ni uongo? Hapana. Wachoraji wa vitabu vya wadudu nao walinyoosha miguu na kuchagua mwanga, na tuliwaelewa. Picha ya Biss iko karibu zaidi na mchoro kuliko na picha ya kawaida, na ndivyo tuipime.

Tatizo la pili ni ukubwa. Kule Oxford, picha zenye upana wa hadi mita 3 zilioneshwa pamoja na wadudu wenyewe. Mtazamaji aliangalia ukuta, kisha akainama kumtafuta mwenye picha, kumbe ni kadudu ka ukubwa wa kucha. Nguvu ya maonesho ilikuwa hapo. Kwenye simu, mdudu halisi hayupo, na mstari wa kipimo haupo. Mwanafunzi akipeleka picha kama hiyo kwenye tasnifu, msimamizi atairudisha siku hiyohiyo.

Na hapa ndipo linapotugusa sisi. Mtindo huu umeigwa kila mahali: usuli mweusi, hakuna jani, hakuna mahali, hakuna tarehe. Biss alitumia wadudu wa makumbusho, waliokufa zamani na kuchomwa pini, na hakuficha. Lakini wapo wanaomtia kipepeo kwenye friji ili atulie, wakamweka juu ya ua, kisha wakaandika "porini". Picha hiyo inadanganya kuhusu tabia: mkao si wake, saa si yake, pengine hata ua si lake. Anayejifunza kupitia picha hiyo anajifunza kitu ambacho hakikutokea.

Kwa maoni yangu, picha ya simu yenye ukungu kidogo, ya nondo aliye hai juu ya mmea wake, ikiwa na mahali na tarehe, inaisaidia sayansi kuliko nakala ya Biss iliyovuliwa maelezo. Ukiiweka iNaturalist, mtaalamu ana pa kuanzia. Kwa hiyo zitazame za Biss, zifurahie, na ukitaka kumwiga, iga kwanza uwazi wake. Chini ya picha yako andika kama mdudu alikuwa hai au amekufa, urefu wake, ulimpata wapi, lini, na kama umeunga picha ngapi. Ni mistari miwili tu.